Kebo za Mtandao Ghalani: Ziepushe na Umeme

Mtandao wa ghala ukikatika kila konveya inapowashwa na kutulia wafanyakazi wanapokwenda kula, usikimbilie kununua swichi mpya ya mtandao. Kagua kwanza njia ya kebo. Kebo iliyolazwa pamoja na nyaya za mota hunasa usumbufu wa umeme. Data huharibika, hutumwa upya, na kazi hudorora.

Anza na umeme. Zunguka ghala zima ukiweka alama kwenye mchoro: mein swichi, mota, chaja za foklifti, taa za tyubu. Kisha chora njia ya mtandao mbali navyo.

Acha nafasi. Kwa kebo isiyo na ngao (tabaka la metali la kuzuia usumbufu), acha walau sentimita 20 kutoka nyaya za umeme za kawaida, 30 kutoka taa za tyubu, na mita 1 au zaidi kutoka mota na transfoma. Usipitishe kamwe kebo za mtandao kwenye bomba moja na nyaya za umeme. Hiyo ni hatari pia kwa maisha. Zikilazimika kupishana, zikatane kwa pembe ya nyuzi 90, kwani madhara huongezeka zinaposafiri sambamba.

Hesabu urefu. Kikomo ni mita 100 kutoka swichi hadi kifaa, ukijumlisha kupanda hadi darini na kushuka. Ukizidi hapo, au njia ikipita kwenye mashine nzito, tumia faiba: hupitisha mwanga, hivyo mota haiisumbui.

Ngao bila ardhi ni bure. Kebo yenye ngao iunganishwe na waya wa ardhi kupitia kabati la swichi. Isipounganishwa, ngao yenyewe inaweza kunasa usumbufu kama antena.

Linda misokoto. Ndani ya kebo mna jozi nne za nyaya zilizosokotwa, na msokoto huo ndio kinga yake ya kwanza. Unapofunga plagi, usiufungue zaidi ya milimita 13. Nunua shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Tai za plastiki zisikazwe hadi ganda libonyee.

Pima ghala likiwa kazini. Kipimo cha Jumapili, mashine zote zimezimwa, hakikuambii kitu. Washa konveya, chaji foklifti, kisha soma hesabu ya makosa kwenye kila poti ya swichi. Poti ambayo makosa yake yanazidi kupanda, ifuate kebo yake hatua kwa hatua kabla hujabadili kifaa chochote.