SOMO LETU: INTANETI IKIKATIKA NYUMBANI, TUANZE WAPI?

Ndugu Wanachama,

Somo la leo halihusu kuchuma wala kuanika, bali lahusu kile kisanduku chenye taa ambacho wengi wetu sasa twakitundika ukutani, nacho ndicho kituleteacho intaneti. Wengi mmeniuliza la kufanya kinapokataa kazi. Naona ni heri nianze na kosa langu mwenyewe.

Msimu uliopita mwenzetu mmoja alimleta binti yake afisini ajaze maombi ya mkopo wa masomo. Ilikuwa siku ya mwisho, na maombi yalikuwa yafungwe saa sita za usiku. Baada ya alasiri intaneti ikakatika. Mimi kwa pupa nikachukua pini, nikabonyeza kile kitundu kidogo nyuma ya kisanduku, nikidhani nakizima na kukiwasha. Kumbe kitundu kile hufuta mipango yote iliyowekwa na fundi. Fundi alipokuja siku ya tatu, alisogeza magunia mawili ya karafuu tuliyoyaegemeza ukutani mchana ule, na nyuma yake waya ulikuwa umebanwa ukapindika. Ugonjwa ulikuwa huo tu. Laiti ningaliutazama waya kwanza! Na muda wote ule simu yangu ilikuwa mfukoni, ina bando. Binti yule ikambidi angoje mwaka mwingine.

Basi jambo la kushika ni hili: intaneti huja kwa viungo, mfano wa maji ya mfereji. Maji yasipotoka, hubomoi ukuta. Watazama kwanza bomba lako, kisha la jirani, kisha tangi. Fanya vivyo hivyo, kiungo kimoja kimoja, wala usiruke.

1. Tazama ni chombo kimoja au vyote. Ikiwa simu yako haipati na ya mkeo yapata, kisanduku ni kizima. Ila ni ya simu yako. Izime uiwashe.

2. Tazama umeme na malipo. Plagi imeingia sawasawa? Kifurushi cha mwezi kimelipwa? Msicheke, mara nyingi ila huishia hapa.

3. Soma taa. Wenye waya wa faiba, tafuteni taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu au yapepesa, mwanga haufiki katika kisanduku: waya umepindika, umechomoka au umekatika, hapo nyumbani au huko njiani. Ikiwa LOS imezimika na ile ya PON yawaka bila kupepesa, waya uwezekano mkubwa ni mzima, tafuta mbele. Ama wenye kisanduku cha kutia laini ya simu, watazame taa ya mtandao. Ikiwa dhaifu, wakisogeze karibu na dirisha.

4. Fuata waya kwa macho toka mwanzo hata mwisho. Ndani ya waya wa faiba mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Haupendi kukunjwa, kukanyagwa na watoto, wala kuegemezwa ngazi au gunia. Ukiona umebanwa, uachilie taratibu. Lakini usiuchomoe ukachungulia ncha yake: mwanga upitao mle hauonekani kwa jicho, nao waweza kulidhuru.

5. Zima kisanduku kwa kuchomoa plagi. Hesabu dakika moja, rudisha, kisha ngoja dakika tano bila ya kukigusa. Hiyo ndiyo dawa niliyoikusudia siku ile. Kile kitundu cha pini kiache, illa fundi akuamrishe.

6. Ikiwa una kompyuta, iunge na kisanduku kwa waya. Ikipata intaneti na simu zisipate, ila ni ya waifai. Kuta nene za mawe na chokaa huizuia sana. Kitoe kisanduku kabatini, ukiweke juu, katikati ya nyumba.

7. Muulize jirani. Ikiwa naye hana, haimo nyumbani mwako. Mnamo tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku kama ile hapana la kufanya kisandukuni ila kusubiri.

Ukimaliza hayo na bado haijarudi, ipigie simu kampuni yako. Usiseme tu, "Intaneti mbovu." Sema imekatika saa ngapi, taa ipi yawaka kwa rangi gani, na umekwisha jaribu nini. Omba namba ya taarifa, uiandike pamoja na tarehe na saa. Mwenye maandishi husikilizwa. Kampuni ikikupuuza, waweza kupeleka malalamiko yako Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na huko watataka kujua kwanza kampuni ilikujibu nini.

La mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Ikiwa kazi ina siku ya mwisho, kazi kwanza, ila baadaye. Simu yenye bando yaweza kuigawia kompyuta intaneti: fungua mipangilio ya simu, washa sehemu ya kugawa intaneti, kisha iunge kompyuta kama unavyoiunga na waifai. Jifunzeni jambo hili leo, mambo yakiwa shwari. Wasiojua waje afisini Jumamosi asubuhi, nitawaonyesha mmoja mmoja.

Afisini sasa magunia hayaegemezwi tena ukuta ule. Na binti yule tumekubaliana na baba yake kwamba safari hii atakuja kujaza maombi yake wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, Inshallah.

Wenu katika kazi,
Katibu