Kauli ya Kutendwa na Kauli ya Kutendeka

Katika somo hili tunatofautisha kauli mbili ambazo wanafunzi huzichanganya mara nyingi. Tuanze kwa kusoma kifungu kifuatacho. Neno birika hapa lina maana ya tangi la maji lililojengwa, si chombo cha chai.

Kifungu

Katika kisiwa cha Ibo, pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, majumba ya kale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ngome ya huko yenye umbo la nyota ilijengwa mwaka 1791. Siku hizi birika la uani huweza kujengwa kwa matofali na saruji. Msingi huchimbwa, zege humwagwa, kisha kuta huinuliwa safu kwa safu, matofali yakipishanishwa na wima ukipimwa kwa timazi. Ndani hupigwa lipu, nayo hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikaushwe upesi na jua. Birika lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, likijazwa hadi kina cha sentimita 50, huchukua lita 1,000, yaani tani nzima ya maji. Ukuta dhaifu hupasuka kwa uzito huo.

Maelezo

Vitenzi huchimbwa, humwagwa na huinuliwa vimo katika kauli ya kutendwa. Mtenda hakutajwa, lakini yupo, nasi twaweza kumtaja kwa kiunganishi na: msingi huchimbwa na vibarua. Kitenzi hupasuka kimo katika kauli ya kutendeka, ambayo huonyesha hali iliyofikiwa na kumwacha mtenda nje kabisa. Tulinganishe:

(a) Ukuta umepasuliwa na fundi.
(b) Ukuta umepasuka.
(c) *Ukuta umepasuka na fundi.

Sentensi (c) haikubaliki. Hata hivyo, sababu huweza kutajwa kwa kihusishi kwa: ukuta umepasuka kwa uzito wa maji.

Kauli ya kutendeka hueleza pia uwezekano. Tukisema, “Mwamba huu hauchimbiki,” maana yetu ni kwamba haiwezekani kuuchimba, hata waje vibarua kumi. Tukisema, “Mwamba huu hauchimbwi,” maana yake ni kwamba hakuna auchimbaye, pengine kwa kuwa imekatazwa.

Tofauti hii si ya umbo tu. Tumfikirie mwenye nyumba aliyekwisha kulipa ujira, akaamka na kukuta maji yametapakaa uani. Fundi anamwambia, “Birika limepasuka, mzee.” Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, na huenda ni ya kweli, ila haina wa kuulizwa. Mwenye nyumba anajibu, “Fundi, lipu ilipigwa na nani, na ilifunikwa kwa siku ngapi?” Kwa kauli ya kutendwa amemrudisha mtenda katika mazungumzo. Kwa hiyo tusiwafundishe wanafunzi kwamba kauli hizi mbili ni sawa. Tuwazoeze kujiuliza kama mtenda anahitajika kujulikana.

Zoezi

1. Tunga sentensi mbili kwa kila kitenzi, moja ya kutendwa na moja ya kutendeka: bomoa, vunja, funga, soma.
2. Eleza tofauti ya maana: Maji haya hayanywewi. Maji haya hayanyweki.
3. Andika taarifa mbili fupi kuhusu birika lililovuja: moja ya fundi, nyingine ya mwenye nyumba. Pigia mstari kila kitenzi na utaje kauli yake.