Mahekalu ya Hoysala: Namna ya Kuyatembelea

Ukiwa Bengaluru kwa masomo, matibabu au biashara, tenga siku mbili uone mawe yaliyochongwa enzi za wafalme wa Hoysala. Mahekalu yao matatu katika jimbo la Karnataka, India, ya Belur, Halebidu na Somanathapura, yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023.

Kufika. Panda treni au basi hadi mji wa Hassan, ulale huko. Belur na Halebidu zimeachana kilomita 16 hivi, kwa hiyo zote mbili huonekana kwa siku moja. Somanathapura iko upande wa mji wa Mysuru. Iache kwa siku ya pili. Miezi mizuri ni Oktoba hadi Februari. Juni hadi Septemba ni masika ya huko.

Belur. Anza hapa asubuhi, kwani chumba cha ndani hufungwa kwa muda mchana. Hekalu liliwekwa wakfu mwaka 1117 chini ya mfalme Vishnuvardhana. Tazama juu, chini ya ukingo wa paa: wanawake wa mawe wanacheza ngoma, mmoja anajitazama kiooni. Jiwe lenyewe ni la jamii ya lile la Kisii: laini likitoka machimboni, gumu likishapigwa na hewa. Ndiyo maana patasi ilifika hadi kwenye hereni na shanga.

Halebidu. Hapa soma ukuta kuanzia chini: safu ya tembo, ya simba, ya wapanda farasi, kisha visa vya Ramayana na Mahabharata, tenzi kuu za Kihindu. Zunguka hekalu likiwa mkono wako wa kulia, kama wafanyavyo waumini.

Somanathapura. Ni dogo, la mwaka 1258. Chini ya baadhi ya sanamu utaona majina ya mafundi, likiwamo la Mallitamma.

Adabu na vifaa. Belur bado watu wanaabudu: funika mabega na magoti, na usipige picha bila ruhusa ibada ikiendelea. Viatu huachwa nje, na sakafu ya mawe huchoma adhuhuri, kwa hiyo vaa soksi. Beba tochi, maana ndani ni giza. Usiguse sanamu.

Kama muda wako ni wa hekalu moja tu, nenda Halebidu.