Kugeuza Taka za Plastiki Kuwa Samani

Ukiulizwa faida za kugeuza plastiki kuwa samani, usiandike “hutunza mazingira” ukaishia hapo. Eleza jinsi. Dumu lililotupwa korongoni Lushoto husombwa na mvua hadi Mto Mkomazi, likaingia Pangani na hatimaye Bahari ya Hindi. Dumu hilohilo likioshwa, likasagwa na kuyeyushwa, hutoa mbao za benchi zisizoliwa na mchwa. Miti ya Usambara nayo hupona shoka. Hoja hii wengi huisahau.

Kosa kubwa ni kudhani plastiki zote huchanganywa. Madumu mengi (alama namba 2) huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi za Selsiasi, lakini chupa za maji (namba 1) huhitaji 250 hivi. Mabomba ya PVC usiyaguse: yakiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayounguza mapafu.

Mfano wa kutaja ni Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyotumika, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mwaka huohuo, tarehe 1 Juni, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Madumu na chupa hayakuguswa.

Zoezi: Kikundi kimeyeyusha madumu na chupa za maji katika pipa moja. Benchi lao limevunjika. Eleza sababu. (Alama 5)