Kulinganisha Spishi Mbili za Jenasi Moja: Silene dioica na Silene latifolia

Mimea hii miwili ni ya familia ya Caryophyllaceae na asili yake ni Ulaya.

A. Mambo yanayofanana
(i) Kila ua lina petali 5, na ncha ya kila petali imegawanyika sehemu mbili.
(ii) Sepali zimeungana kufanya mfuko.
(iii) Jinsia zimetengana: mmea dume una maua yenye stameni 10, mmea jike una maua yenye staili 5.
(iv) Jinsia huamuliwa na kromosomu X na Y, kama ilivyo kwa binadamu. Jike ni XX, dume ni XY.

B. Tofauti
1. Rangi: S. dioica ni nyekundu ya waridi, S. latifolia ni nyeupe.
2. Muda na harufu: S. dioica hufunguka mchana na haina harufu; S. latifolia hufunguka jioni na hunukia.
3. Wachavushaji: S. dioica huchavushwa zaidi na nyuki na vipepeo, S. latifolia huchavushwa zaidi na nondo.
4. Makazi: S. dioica hupenda kivuli chenye unyevu, kama vile msituni, S. latifolia hupenda mahali pa wazi, kama vile kando ya mashamba na barabara.
5. Tunda: likikauka hupasuka juu na kufanya meno 10. Ya S. dioica hujikunja nje, ya S. latifolia husimama wima.

C. Kwa nini hazijawa spishi moja?
Zikikutana huzaa chotara wa rangi ya waridi hafifu, naye anaweza kuzaa. Hata hivyo, makazi na wachavushaji tofauti hupunguza kuchanganyika kwa chavua. Hivyo kila spishi hubaki na sifa zake.

Angalizo: Usitumie rangi kutambua jinsia. Weupe si ujike, wala wekundu si udume.

Swali: Juma aliona ua jeupe lenye stameni 10 na ua jekundu lenye staili 5. Akaandika: "Hawa ni dume na jike wa spishi moja." Jadili. (Alama 4)

Jibu: Jinsia amezitambua sawasawa, kwa kuwa stameni ni za dume na staili ni za jike (alama 2). Amekosea kuhusu spishi: ua jeupe ni la S. latifolia na jekundu ni la S. dioica (alama 2).