Mahali Kijana Anapofundishwa Neno la Mungu

Soma kwanza: Kumb. 6:4–9, Luka 19:1–10.

Ndugu walimu wa dini na wazee wa sharika, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakitangazwa, na vijana wetu wakiwa wameshindwa somo la Maarifa ya Biblia, twasema upesi, "Hawa ni wavivu." Pengine ndivyo. Lakini Musa alipowaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao, alitaja nyumba, na njia, na saa ya kulala na ya kuamka, hata miimo ya milango. Basi yatupasa tupatazame mahali anaposomea kijana kabla ya kumhukumu.

Martin Luther naye alipatazama. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani waweke shule za Kikristo, akawahimiza wawe na nyumba za vitabu vizuri. Kisha, mwaka 1528, alikwenda kuzikagua sharika za Saksonia, akasikitika sana: wanavijiji hawakujua hata misingi ya imani, na wachungaji wengi hawakuweza kufundisha. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, na sehemu zake zilichapwa kwanza katika karatasi kubwa za kutundikwa ukutani. Mtoto aliyeinua macho aliliona fundisho hata mwalimu asipokuwapo.

Sasa tuingie katika shule ya kutwa ya kata zetu. Tangu sheria ya elimu ya mwaka 1969, serikali ilipozichukua shule nyingi za misheni, vijana wetu walio wengi husoma katika shule za serikali, na kipindi cha dini hutegemea mtu atakayetumwa na Kanisa. Mara nyingi kipindi hicho huwekwa mwisho wa siku, njaa imekwisha kuuma, na safari ya kurudi nyumbani ni ndefu. Biblia moja husomwa na watu watano. Mwalimu wa dini asipofika juma hili wala juma la pili, mwanafunzi hupata fundisho ambalo hakuna aliyelikusudia: kwamba somo hili ni dogo, hata machoni pa Kanisa lenyewe.

Iko shida nyingine ambayo wazee wengi hawaifikiri, nayo ni lugha. Kijana amesikia habari za Biblia kwa Kiswahili tangu shule ya Jumapili, lakini mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Yakobo mwana wa Isaka huko huitwa Jacob, na Yakobo mtume huitwa James! Anayejua habari zote mbili aweza kuzichanganya, akahesabiwa mjinga. Zakayo juu ya mkuyu amjua sana. Kumwandika Zacchaeus, na kueleza toba yake kwa lugha asiyoisema nyumbani, ni kazi nyingine. Luther aliwaonya wachungaji wasiyabadili-badili maneno ya katekisimo mbele ya vijana, wasije wakachanganyikiwa. Sisi twawabadilishia lugha nzima, wala hatuwapi msaada.

Wala tusidhani kwamba shule ya Kanisa yenye bweni imekwisha kuponyoka. Huko vitabu vyaweza kuwapo, na kengele ya sala hulia kila asubuhi. Lakini mwalimu akitukana darasani saa mbili, na saa nne akafundisha juu ya upendo wa jirani, wanafunzi wataandika majibu mazuri na kupata alama nzuri, huku mioyoni wamekwisha kumjibu kwa namna nyingine. Mtihani hauwezi kulipima jibu hilo.

Msaada mwingine hauhitaji fedha nyingi. Chumba cha kanisani kilichofungwa Jumatatu hata Jumamosi chaweza kufunguliwa jioni, kiwe na meza, taa, Biblia za Kiswahili na za Kiingereza, na orodha ya majina ya watu wa Biblia kwa lugha zote mbili, imetundikwa ukutani.

Kabla ya mkutano wenu ujao, kila mwalimu aende shuleni kwake. Ahesabu Biblia zilizopo, aulize kipindi cha dini kimewekwa saa ngapi na kimepotea mara ngapi tangu muhula uanze. Kisha awaombe wanafunzi watatu wamsimulie habari za Zakayo, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Majibu ayaandike, ayalete mbele ya wazee.