Haki za Mgonjwa Pindi Dawa Ikishindwa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, aliyewaandikia viumbe wote mauti, na akawaamrisha waliobaki wawafanyie wema wanaoondoka. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu yangu Muislamu, somo hili linahusu siku zile ambazo tabibu huwaita watoto wa mgonjwa pembeni, akawaarifu kwamba hana tena dawa ya kuuondoa ugonjwa. Watu wengi hudhani kwamba kwa maneno hayo kazi imekwisha, na kilichobaki ni kungoja. Sivyo. Iliyopungua ni kazi ya tabibu. Ama kazi ya jamaa, hiyo ndiyo kwanza inaanza.

Nitatanguliza kisa kilichonipata mwenyewe, nacho ni ushahidi juu ya nafsi yangu. Mama wa mke wangu alizaliwa Pemba, akaja Oman akiwa mtu mzima, na lugha ya moyo wake ilibaki kuwa Kiswahili. Alipofikwa na maradhi yake ya mwisho, mke wangu alikuwa amekwisha tutangulia mbele ya haki. Kitandani pake walikaa wajukuu, ambao hawajui ila Kiarabu, na mtumishi wa nyumbani, na wauguzi waliotoka nchi za mbali. Wanawe wa kiume, wanaokijua Kiswahili vizuri, walikuwa pamoja nami ukumbini. Wakati huo nilikuwa bado kadhi, na mazungumzo yetu yalikuwa juu ya wasia na mashamba.

Siku tatu yule bibi alikuwa akilirudia neno moja, na wajukuu wakasema: anaweweseka. Siku ya nne akaja jirani yake wa zamani, mwanamke mtu mzima, akainama na kusikiliza, kisha akasema: "Mbona anasema nigeuzeni!" Akamgeuza ubavu, akamlowesha midomo kwa pamba, akakaa akimshika mkono na kumjibu kwa lugha yake. Bibi akalala usingizi wa raha, na baada ya siku mbili akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Miaka mingi nilikuwa nikihukumu baina ya watu katika haki zao, na haki ya mgonjwa kugeuzwa ubavu ilinipita ilhali nimekaa mlangoni pake.

Kwa sababu hiyo nimeona niziandike haki hizi, moja baada ya moja.

Haki ya kwanza: kuwa na mtu mbele yake

Jua, Mwenyezi Mungu akurehemu, kwamba wanavyuoni wamehesabu kumhudumia mgonjwa kuwa ni katika faradhi za kutoshelezana: wakiitimiza baadhi ya watu, wengine husalimika, na wakiiacha wote, wote huingia katika dhambi. Si ihsani ya hiari inayofanywa nafasi ikipatikana.

Imepokewa kwamba binti mmoja wa Bwana Mtume (s.a.w.) alimtumia mjumbe kumwambia kuwa mtoto wake yumo katika kukata roho. Mtume akampelekea salamu na nasaha ya kusubiri. Binti akamtuma tena mjumbe, akiapa kwamba lazima aje. Basi Mtume akainuka, akenda pamoja na baadhi ya Sahaba zake. Akapewa mtoto, na pumzi zake zikikwaruza, na macho ya Mtume yakabubujika machozi. Alipoulizwa, akabainisha kwamba hiyo ni rehema ambayo Mwenyezi Mungu huitia katika nyoyo za waja Wake. Zingatia: hakuitwa kuja kutibu. Binti alimtaka awepo, na nasaha iliyoletwa na mjumbe haikumtosha.

Na zingatia mauti ya Imamu wetu Jabir bin Zaid, mzaliwa wa Firq karibu na Nizwa, aliyefariki Basra mwaka 93 Hijria kwa kauli iliyo mashuhuri. Alipozidiwa aliulizwa anatamani nini. Hakutaka chakula wala tabibu. Alitamani kumtazama Al-Hasan Al-Basri. Na Al-Hasan wakati huo alikuwa amejificha, akiukimbia utawala wa Hajjaj. Alipofikiwa na habari hakusema kwamba ana udhuru, ingawa udhuru wake ulikuwa wa kweli. Alitoka, akenda kwa rafiki yake. Huyu alihofia kichwa chake na akenda. Sisi udhuru wetu ni foleni ya magari na kazi za ofisi.

Wala usidhani kwamba kuwapo ni kujazana. Nimeona vyumba vya wagonjwa vimegeuzwa mabaraza, watu wanazungumza bei za viwanja juu ya kichwa cha mtu anayekufa. Jamaa na wapange zamu: mmoja au wawili wakae, na wengine waingie, wasalimu, waombe dua, watoke. Na katika kila zamu awepo mtu anayeifahamu lugha ya mgonjwa, kwani mzee akidhoofika huenda ile lugha aliyojifunza ukubwani ikamtoka, akabaki na ile aliyoongeleshwa na mama yake. Enyi wazazi mnaolea Maskat, Dubai na kwengineko, wafundisheni watoto wenu Kiswahili japo cha kumhudumia bibi: maji, kiu, baridi, nigeuze, panauma, nishike mkono.

Haki ya pili: kutofichwa habari yake

Hili ni kosa linalofanywa kwa mapenzi. Watoto humwomba tabibu asimwambie baba yao kitu, na wao wakiingia chumbani huvaa nyuso za furaha na kusema: wiki ijayo utatoka. Mzee naye aghalabu anajua, akanyamaza ili asiwahuzunishe. Basi wote wamekaa chumba kimoja, na kila mmoja yuko peke yake.

Katika madhehebu yetu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa tunaitakidi kwamba mwenye kusisitiza juu ya dhambi kubwa hana uokovu bila ya toba. Na toba ina wakati wake: Qur'ani katika Suratun Nisaa, aya ya 18, imebainisha kwamba haikubaliwi toba ya anayengoja mpaka mauti yakamhudhuria. Basi anayemficha mzazi wake hali yake huenda akawa amemnyima siku alizobakishiwa za kutubu, kurudisha amana, na kuomba radhi. Haya ni mapenzi yenye madhara.

Lakini haki hii haitekelezwi kwa kumrushia mtu habari kama jiwe. Bwana Mtume (s.a.w.) alipoingia kwa kijana aliyekuwa katika mauti, alianza kwa kumuuliza anajionaje. Kijana akajibu kwamba anataraji rehema za Mwenyezi Mungu na anaziogopa dhambi zake. Na Mtume akambashiria kheri kwa mambo hayo mawili. Nawe fanya hivyo. Kaa, shika mkono, uliza: unajionaje, mzee wangu? Kisha nyamaza. Akitaka kujua, mwambie kweli kwa upole. Asipotaka leo, muulize kesho. Akikuambia kwamba anakufa, usimkatize kwa kusema usiseme hivyo. Hapo ndipo alipokufungulia mlango.

Akiingiwa na hofu, mkumbushe mema yake na upana wa rehema za Mola wake, kwani imepokewa kwa Jabir bin Abdillahi (r.a.) kwamba Mtume, siku tatu kabla ya kufariki kwake, aliwausia watu wasife ila hali wakimdhania Mwenyezi Mungu mazuri.

Haki ya tatu: raha ya mwili na kusikilizwa

Bwana Mtume (s.a.w.) alifariki akiwa ameegemea kifua cha Bibi Aisha (r.a.). Mbele yake palikuwa na chombo cha maji, akitia mikono na kujipangusa uso. Alipoutazama mswaki mkononi mwa shemeji yake, Bibi Aisha alifahamu kwamba anautaka, akaulainisha kwa meno yake, akampa. Maji, mswaki, kifua cha kuegemea, na mtu anayefahamu mtazamo wa jicho: hayo hayakosekani katika nyumba ya tajiri wala ya maskini.

Na katika maradhi hayo hayo, watu wa nyumbani walimtia dawa kinywani naye akiwaashiria wasifanye, wakidhani ni kawaida ya mgonjwa kuichukia dawa. Alipopata nafuu aliwalaumu. Basi mgonjwa akikataa tonge, usimlazimishe kwa kudhani kwamba unamwokoa. Asiyeweza kumeza asimiminiwe maji, hata ya Zamzam, yasije yakampalia. Aloweshwe midomo tu. Ageuzwe mara kwa mara, mwanga upunguzwe, televisheni izimwe, na asiachwe utupu wake ukaonekana, hata kama hana fahamu.

Wasio Waislamu nao wameyatambua baadhi ya haya. Mwaka 1967 tabibu mwanamke, Cicely Saunders, alifungua mjini London nyumba ya St Christopher's kwa ajili ya wanaokaribia kufa, akifundisha kwamba maumivu yao si ya mwili pekee, bali ni ya moyo, ya jamaa na ya roho pia. Tawi hilo la utabibu leo huitwa tiba shufaa. Likiwapo hospitalini kwenu, liulizeni, hakuna aibu. Lakini halichukui nafasi ya mtoto kwa mzazi wake.

Haki ya nne: kusaidiwa ibada

Mgonjwa haondokewi na sala maadamu akili ipo. Atasali amekaa, asipoweza, kwa ubavu, asipoweza, kwa kuashiria. Asiyeweza kutumia maji atatayamamu, basi mletee udongo safi katika kibakuli, wala usingoje akuombe. Anaruhusiwa kukusanya sala mbili kwa sababu ya maradhi. Nimewakuta wazee wakilia usiku kwa kuwa sala zimewapita, na hapana aliyewaambia kwamba dini imewafanyia wepesi. Kumwambia mtu neno hilo ni kumpunguzia maumivu ambayo sindano haiyafikii.

Haki ya tano: wasia kwa wakati wake

Wasia una mahali pake: madeni, amana, kafara, na wasia wa akrabu wasiorithi, ambao kwetu ni wajibu kwa mwenye mali, kwa kuitegemea aya ya 180 ya Suratul Baqara. Hauzidi thuluthi, wala haumhusu mrithi. Lakini jihadhari usiwe mtu anayeingia chumbani akitanguliza kalamu. Anza kwa kukaa. Mtu akishatulia moyo, mwenyewe atakuambia anachodaiwa na aliyemkosea. Na akimtaja mtu aliyehasimiana naye, mwite mtu huyo siku hiyo hiyo. Katika mahakama nilisikiliza magomvi ya ndugu ambayo saa moja ya ukweli kitandani ingeyazima.

Haki ya sita: saa ya mwisho

Zikidhihiri alama za mauti, aelekezwe kibla kwa ubavu wa kulia ikiwa hapana mashaka. Aliye karibu naye zaidi kwa mapenzi atamke *La ilaha illa Allah* kwa sauti ya chini, apate kuisikia na kuifuata. Asiamrishwe kwa ukali wala asikaririwe mpaka akachoka. Akiisema mara moja inatosha, isipokuwa akizungumza neno jingine baadaye. Akishafariki, afumbwe macho na aombewe dua. Machozi si haramu. Kilichokatazwa ni mayowe na kupasua nguo.

Haki ya saba: ni ya muuguzaji

Katika kila nyumba haya humwangukia mtu mmoja, mara nyingi binti asiyeolewa au mke wa mtoto. Ndugu wengine hupiga simu na kutoa amri. Apumzishwe, apikiwe, aombewe dua mbele ya watu. Na mtumishi wa nyumbani apewe ujira wake kamili na usingizi wake. Anasaidia kazi, lakini hakodiwi kuwa mtoto wa mtu.

Masuala mawili

*Suala: Je, inafaa kumpa mgonjwa dawa kali ya kutuliza maumivu, ingawa inamtia usingizi?*
Jawabu: Inafaa, kwa kipimo cha tabibu mwaminifu na kwa nia ya kumpunguzia maumivu. Ama kumharakisha kufa, kwa dawa au kwa njia nyingine yoyote, ni kuua nafsi, nako ni haramu. Na ikiwezekana, kabla ya dawa kumtia usingizi, apewe nafasi ya kusali na kusema anayotaka.

*Suala: Niko ng'ambo, na mama yangu yumo katika maradhi ya mwisho. Nifanye nini?*
Jawabu: Ukiweza kusafiri, safiri sasa akiwa hai, wala usiiweke nauli kwa ajili ya matanga. Usipoweza, basi simu iwekwe sikioni pake, umtajie jina lako, umwombe radhi, umwombee dua. Hata akiwa hajibu, sema, huenda anasikia.

Khatima

Ndugu yangu, katika Suratul Israa, aya ya 23, Mola wetu ametuusia wema kwa wazazi wanapofikia uzee wakiwa kwetu, hata neno dogo la kuchoka akalikataza. Siku moja nawe utalala ukiwa na neno moja tu kinywani, na utatamani awepo wa kulifahamu. Mfanyie mwenzio leo, ili wanao waone namna inavyofanywa.

Ewe Mwenyezi Mungu, tujaalie mwisho mwema, na uturuzuku saa hiyo toba iliyotangulia, ulimi unaokutaja, na mkono wa kutushika. Amin. Wabillahi taufiq.